Dokta wa nini?

Jumatatu moja nilisikia watu watatu wakiitwa dokta kabla sijala chakula cha mchana. Wa kwanza alikuwa binti wa duka la dawa muhimu mtaani kwetu, aliyekuwa akihesabu vidonge na kuvitia kwenye kibahasha. "Dokta, hivi anywe kabla au baada ya kula?" aliuliza mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Wa pili alikuwa mheshimiwa fulani redioni, ndani ya daladala, ambaye mtangazaji alimtaja kwa cheo hicho mara nyingi hata nikaanza kuhesabu. Nilipofika kumi na moja nikashuka kituoni. Wa tatu ni rafiki yangu wa siku nyingi, mhadhiri wa historia, aliyesoma mpaka nywele zikamwisha. Shangazi yake kijijini ana lalamiko moja tu juu yake, na humtolea kila Krismasi: daktari gani huyu asiyejua hata kupima presha?

Shangazi ana haki ya kuuliza. Neno moja la Kiingereza, doctor, limeingia kwetu kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa hospitali. Huko limetoka likiwa daktari, limevaa koti jeupe, lina wingi wake, madaktari, na hakuna anayekumbuka tena kuwa ni mgeni. Wahindi husema daktar, Waarabu duktur. Sisi tukamalizia na irabu yetu, mambo yakaisha. Mlango wa pili ni wa chuo kikuu, na huo ulifunguliwa baadaye sana. Huko neno likatoka likiwa dokta, magazeti yakalifupisha kuwa Dk., ofisi za serikali zikaandika Dkt. Ni kweli kwamba tukimwita mtu usoni wote huwa dokta, lakini tukimsimulia hatuchanganyi. Ukisema "naenda kwa daktari" unaumwa. Ukisema "namsubiri Dokta", huenda wewe ni mwanafunzi ambaye tasnifu yako haijarudi, na ukiwa na bahati mbaya itarudi imejaa wino mwekundu.

Kabla ya daktari tulikuwa na mganga, neno la Kibantu ambalo ndugu zake wametapakaa kuanzia pwani yetu hadi ng'ambo ya mto Kongo, na tulikuwa na tabibu, aliyekuja na Waarabu. Ungetegemea mgeni alipofika wenyeji wafungashe virago. Hawakufungasha. Katika Tanzania daktari mkuu wa nchi nzima anaitwa Mganga Mkuu wa Serikali. Mkoa una Mganga Mkuu wake, wilaya ina wake, na zahanati yako ina mganga mfawidhi. Wakati huohuo, kwenye nguzo ya umeme nje ya zahanati hiyohiyo, kuna kibao kilichoandikwa kwa mkono kinachotangaza mganga mwingine, wa kurudisha mpenzi na kusafisha nyota. Neno moja, vibao viwili, na sijawahi kumwona mgonjwa aliyepotea mlango kwa sababu ya lugha. Wanaopotea huwa na sababu nyingine.

Tabibu naye amepewa kiti chake: ndiye yule aliyesomea stashahada ya utabibu, ambaye kwa wananchi wengi wa vijijini ndiye daktari pekee wanayemfahamu. Juu yake kuna daktari, juu ya daktari kuna daktari bingwa, na juu ya bingwa, kwa kuwa Waswahili hatupendi ngazi iishe, tumempandisha bingwa bobezi. Ukivuka ziwa Tanganyika na kuingia Kongo, Kiswahili cha huko kimebaki na mganga wake: munganga ndiye wa hospitali, bila kibao wala nyota. Pale Bukavu yupo Denis Mukwege, aliyeanzisha Hospitali ya Panzi mwaka 1999 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Huyu shangazi wa rafiki yangu angemkubali mara moja. Lakini mwaka 2015, akiwa tayari na jina duniani, Mukwege alitetea tasnifu yake ya uzamivu katika chuo kikuu kimoja cha Brussels. Kwa hiyo yeye ni daktari na ni dokta, na kwa majirani zake ni munganga.

Neno letu nalo limesafiri. Kuanzia mwaka 1966 hadi 1969 televisheni ya CBS ya Marekani ilionyesha tamthilia iliyoitwa Daktari, hadithi ya mtabibu wa wanyama katika mbuga ya Afrika Mashariki, akiwa na simba mwenye makengeza na sokwe mtundu. Mbuga hiyo ilikuwa California. Kuna Wazungu wa makamo ambao Kiswahili chao chote ni maneno matatu, safari, simba na daktari, na hilo la tatu walijifunza kwa simba yule. Daktari wa kweli wa nyika alikuwa Anne Spoerry, Mfaransa aliyejiunga na madaktari wa ndege wa AMREF jijini Nairobi katika miaka ya 1960, akarusha ndege mwenyewe hadi vijiji vya Lamu na kaskazini ya Kenya mpaka uzeeni. Wananchi walimwita Mama Daktari. Sijui kama kuna chuo kikuu chochote kinachoweza kumpa mtu cheo kizuri kuliko hicho.

Sasa turudi nyuma, maana shangazi aliuliza swali kubwa kuliko alivyodhani. Doctor si neno la tiba. Ni Kilatini, limetoka kwenye kitenzi docere, yaani kufundisha. Doctor maana yake ni mwalimu. Basi. Katika vyuo vikuu vya kwanza vya Ulaya, Bologna na Paris, doctor, magister na professor yalikuwa majina yanayokaribiana sana, yote ya mtu aliyeruhusiwa kusimama mbele ya wanafunzi. Ruhusa hiyo ndiyo iliyokuwa shahada yenyewe. Hakupewa cheti ili akitundike ukutani. Alipewa kibali cha kufundisha.

Msomaji wa Lamu au Unguja hapa atatabasamu, kwa kuwa jambo hilo analijua kwa jina jingine: ijaza. Mwanafunzi humsomea sheikh kitabu mpaka mwisho, sheikh akiridhika humpa ijaza ya kukisomesha kitabu kile, na jina la sheikh, na la sheikh wa sheikh, hutajwa kwa mfuatano. Wanafunzi wa Msikiti wa Riyadha, Lamu, wameishi na utaratibu huo tangu enzi za Habib Saleh. George Makdisi, mwanahistoria wa elimu ya Kiislamu, alifika mbali zaidi akadai kwamba udaktari wa Ulaya umezaliwa na ijaza hasa. Wenzake wengi hawakukubali, na ubishi huo siuingilii. Ninachojua ni kwamba mtu wa pwani akielezwa maana ya kwanza ya neno doctor haoni jambo geni.

Wakatoliki wa Kiswahili nao walishalitafsiri neno hilo kwa usahihi zamani. Kanisa lina watakatifu wachache linaowaita kwa Kilatini doctor: Augustino, Thomaso wa Akwino na wengineo. Wafasiri wetu hawakuandika "Daktari wa Kanisa", ingawa kamusi ingewaruhusu. Waliandika Mwalimu wa Kanisa. Mwaka 1970 Papa Paulo VI alimtangaza Teresa wa Avila, mwanamke wa kwanza kupewa jina hilo, na wiki moja baadaye akamwongeza Katerina wa Siena, binti wa mtia rangi nguo ambaye hakusoma shule yoyote ya maana. Ni dokta bila digrii.

Basi tiba iliingiaje? Iliingia kwa sababu tiba ilikuwa moja ya masomo makubwa ya vyuo hivyo, pamoja na sheria na teolojia. Aliyefuzu tiba aliitwa doctor wa tiba, na kwa kuwa watu huumwa mara nyingi kuliko wanavyohitaji teolojia, huyo ndiye waliyemwona kila siku, na jina likamganda. Uingereza ilibaki na kioja hadi leo. Wapasuaji wa zamani hawakutoka chuo kikuu. Walijifunza kwa mikono, na mwaka 1540 Mfalme Henry VIII aliwaunganisha na vinyozi katika chama kimoja, kikaishi hivyo mpaka 1745. Vinyozi hawakuitwa doctor, na wapasuaji vivyo hivyo. Kwa hiyo mpasuaji wa London, baada ya kuhangaika miaka kumi na zaidi, huliacha jina la Dk. kwa fahari na kurudi kuwa Bwana Fulani. Ukimwita dokta unaweza kuonekana umemshusha. Jaribu kumweleza hilo mtu wa Dar es Salaam.

Kuna kioja kingine kilicho karibu nasi zaidi. Daktari anayekutibu Muhimbili, ambaye unamnyenyekea na kumwamini na ini lako, kwa kawaida ana shahada ya kwanza, ile ya miaka mitano na mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Hapa kwetu shahada hiyo inaitwa MD. Makerere na Nairobi huiita MBChB, na jina hilo kwa Kilatini linasema wazi kwamba ni ya kwanza. Wakati huohuo rafiki yangu wa historia, mwenye shahada ya tatu, haruhusiwi kukuandikia hata panadol. Kwa sheria ya vyuo yeye ndiye doctor. Kwa sheria ya mtaa, hapana.

Shahada hiyo ya tatu, PhD, si ya kale kama inavyojidai. Ilikuzwa na vyuo vya Wajerumani katika karne ya 19, walipotaka mtu athibitishe kwamba ameongeza kitu kipya katika elimu, si kwamba amemeza ya wengine. Yale, Marekani, ilitoa za kwanza mwaka 1861. Oxford iliikubali mwaka 1917 tu. Na ile "falsafa" ndani ya jina lake, inayowafanya watu waulize kwa nini mkemia anaitwa daktari wa falsafa, ni mabaki ya zamani, wakati kitivo cha falsafa kilibeba kila kitu kisichokuwa tiba, sheria wala teolojia. Ali Mazrui wa Mombasa alipata yake Oxford mwaka 1966. Wangari Maathai alipata yake Nairobi mwaka 1971, katika anatomia ya mifugo, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na Kati kufika huko. Ulimwengu ulimfahamu baadaye kwa miti.

Kiswahili kiliipa PhD jina ambalo nalipenda: uzamivu. Ni mtu aliyezama. Neno linatuonyesha mpiga mbizi anayeshuka pale ambapo wengine wamebaki kuelea, na akikawia chini wenzake wanaanza kuwa na wasiwasi. Walio na ndugu aliyekaa miaka minane kwenye tasnifu wananielewa. Tatizo ni kwamba mzizi huohuo umetuzalia neno jingine, kuzamia. Kuzamia ni kuingia melini bila tiketi, au kwenye arusi bila kadi, ukakaa meza ya mbele ukala pilau na kuku. Siku hizi, nikikutana na Dk. mpya asiyejulikana alisoma wapi wala nini, hujiuliza kimoyomoyo: huyu alizama, au alizamia?

Wazamiaji wapo kila nchi. Karl-Theodor zu Guttenberg, waziri wa ulinzi wa Ujerumani, alijiuzulu Machi 2011 ilipobainika kuwa tasnifu yake ilijaa kurasa za watu wengine. Miaka miwili baadaye akafuata Annette Schavan, aliyekuwa, jamani, waziri wa elimu. Nchi ambayo mtu anaruhusiwa kuandikisha Dk. kwenye kitambulisho chake cha taifa ina sababu ya kukasirika. Kwetu, uhakiki wa vyeti wa mwaka 2017 ulikamata watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Ule ulikuwa uhakiki wa vyeti vya kidato cha nne, cha sita na ualimu. Haukupanda mpaka kwenye uzamivu, na mimi bado nasubiri siku utakapopanda.

Lakini si kila dokta asiye na tasnifu ni mzamiaji, na hapa lazima niwe mwangalifu. Zipo shahada za heshima, ambazo chuo humtunuku mtu kwa alichokifanya maishani. Benjamin Franklin, aliyeacha shule akiwa mtoto, aliitwa Dk. Franklin baada ya Chuo Kikuu cha St Andrews kumtunuku mwaka 1759. Samuel Johnson alichapisha kamusi yake kubwa ya Kiingereza mwaka 1755 akiwa hana udaktari wowote. Dublin ikamtunuku mwaka 1765, Oxford mwaka 1775, na dunia ikamwita Dk. Johnson kuliko yeye mwenyewe alivyojiita. Katika vyuo vingi vya Ulaya na Marekani desturi ni kwamba anayetunukiwa hushukuru, hupiga picha na joho, kisha hurudi kwenye jina lake la zamani. Kwetu desturi hiyo haijashika. Asubuhi yake tu mabango hubadilishwa.

Tazameni ofisi za juu kabisa. John Magufuli alikuwa Dk. kwa sababu ya tasnifu ya kemia aliyoiandika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akakamilisha mwaka 2009, juu ya mafuta ya maganda ya korosho. Rais wa Zanzibar, Hussein Mwinyi, ni Dk. kwa sababu alisomea udaktari wa binadamu. Samia Suluhu Hassan ni Dk. tangu tarehe 30 Novemba 2022, alipotunukiwa shahada ya heshima na chuo hichohicho cha Mlimani. Tasnifu, tiba, heshima: ni njia tatu tofauti kabisa, kila moja na uhalali wake, na gazeti limeziandika zote kwa herufi mbili na nukta. Mwananchi anayesoma hawezi kujua ipi ni ipi. Hilo si kosa la viongozi hao. Ni kosa letu sisi tunaoandika.

Mtaa umekuwa mwaminifu zaidi. Nicolas Kasanda wa Kongo alipolifanya gitaa liongee, wapenzi wake walimwita Docteur Nico, na hakuna aliyeuliza cheti. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyefanya Dar es Salaam kuwa nyumbani, akawa Dokta Remmy mpaka alipofariki Desemba 2010, na hadi leo daladala za Sinza husimama mahali panapoitwa kwa Remmy. Dokta Cheni wa filamu na sherehe hajawahi kumdanganya mtu. Cheo cha mtaa hutolewa hadharani, na watu wanaomsikia mwenye cheo akifanya kazi yake. Akiharibu, hupokonywa palepale. Ni mtihani mgumu kuliko wa wakaguzi watano wanaosinzia kwenye chumba chenye kiyoyozi. Shaaban Robert, aliyesoma Shule ya Kichwele kuanzia 1922 hadi 1926 na hakuendelea hata karibu ya chuo kikuu, hakuitwa Dk. na mtu yeyote. Waliopata udaktari kwa kumchambua yeye wamejaa vyuoni.

Desemba 2020 kulitokea ugomvi Marekani, mwandishi mmoja wa safu katika Wall Street Journal alipomshauri Jill Biden aache kujiita Dk. kwa kuwa si mtu wa tiba. Wengi walichukia, wakaona ni dharau kwa mwanamke. Mimi nilivutiwa na jambo dogo zaidi. Udaktari wa Jill Biden, alioupata Delaware mwaka 2007, ni wa elimu, na kazi yake ilikuwa kufundisha Kiingereza katika chuo cha jamii. Yaani katika ugomvi ule wote, aliyeambiwa hastahili kuitwa doctor alikuwa mwalimu, ambaye ndiye mwenye neno.

Na hapo ndipo nilipomkumbuka mtu wetu. Julius Nyerere alipata shahada yake ya MA Edinburgh mwaka 1952, akaja kufundisha Pugu, na mwaka 1955 akaacha chaki kwa ajili ya siasa. Baadaye vyuo vikuu kadhaa vya dunia vilimtunuku udaktari wa heshima. Akiwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alisimama jukwaani na kuwatunuku wengine shahada hizo kwa mkono wake. Angeweza kuitwa Dk. Nyerere kila siku ya maisha yake na asiwepo wa kumlaumu. Aliitwa Mwalimu, na jina hilo lilimtosha. Tulidhani ni unyenyekevu. Ukilirudisha neno kwenye Kilatini chake, alikuwa anaitwa doctor wakati wote, kwa Kiswahili fasaha.

Nimemweleza hayo rafiki yangu wa historia, naye akampelekea shangazi. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kama ni mwalimu si angesema tu tangu mwanzo. Walimu anawajua, aliwahi kuwa na mmoja mzuri.

Ombi langu ni kwa wahariri, pamoja na wangu. Daktari aandikwe daktari. Mwenye tasnifu aitwe Dk. pale habari inapohusu elimu yake, na mwenye heshima aelezwe kuwa ni ya heshima, mara moja inatosha. Kisha fungueni gazeti lolote la wiki hii mtafute habari ya shule ya msingi. Mgeni rasmi ameandikwa Dk., kwa herufi kubwa, hata katikati ya sentensi. Aliyefundisha watoto wale miaka thelathini ameandikwa mwalimu, kwa herufi ndogo.